KALAMU IMEINULIWA KWA NANI?

Kila inaposikika habari ya mtu aliyemuua nduguye, watu husema maneno mawili. Wa kwanza husema: "Huyo mwendawazimu, na wenziwe wote wafungwe." Wa pili husema: "Mwenye akili timamu haui, kila muuaji ana wazimu." Neno la kwanza lamdhulumu mgonjwa asiye na kosa, na la pili lampa mwovu pahali pa kujifichia. Basi haki iko wapi?

Hapa kwetu Makumira, chini ya Mlima Meru, miaka mingi iliyopita niliitwa na jirani aliyekuwa na kijana mgonjwa. Kijana huyo nilimsomesha Juzuu Amma kwa mkono wangu. Alikuwa halali usiku, akisema peke yake, na akidai kuwa kaka yake anamtilia sumu katika chakula. Nilimsomea siku saba, nikawaambia wazazi wake kwamba ni majini, wavute subira. Hospitali sikuitaja. Haukupita mwezi, akamkata kaka yake panga la bega. Kaka alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: dhambi ile iliandikwa kwa nani?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Kwa ajili hiyo mwendawazimu hauawi kwa kisasi. Lakini damu haikuachwa ipotee bure. Dia hulipwa, na kwa maulamaa wengi walipaji ni jamaa zake wa kuumeni. Itazame hekima hii, ewe ndugu: aliyekosa akili amesamehewa, na wenye akili wamedaiwa. Ama aliyejilevya kwa hiari yake, wengi wa maulamaa hawakumpa udhuru huo.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na hayo. Kanuni ya Adhabu humhesabu kila mtu kuwa ni mwenye akili timamu mpaka ithibitike vingine. Na ikithibitika kuwa maradhi yalimzuia kujua analolitenda, au kujua kuwa halimpasi kulitenda, hana hatia. Watu wa namna hiyo huwekwa Isanga, Dodoma, jirani na hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927, ili walindwe na watibiwe.

Na waganga wanasemaje? Mwaka 2006 wataalamu wawili, Seena Fazel na Martin Grann, walitangaza uchunguzi wao uliofanywa nchini Sweden juu ya makosa ya miaka 1988 mpaka 2000. Waliona kwamba katika kila makosa 100 ya kudhuru watu, kama 5 tu ndiyo yawezayo kunasibishwa na maradhi makubwa ya akili. Hayo mengine yote yana sababu nyingine: hasira, tamaa, ulevi, husuda na mengineyo tuyajuayo. Kwa hiyo si kweli kwamba kila muuaji ni mgonjwa.

Lakini tusifiche ukweli upande wa pili. Baadhi ya wagonjwa hawa hudhuru watu, na mara nyingi wadhuriwao ni wa nyumbani mwao. Hatari hiyo huzidi mgonjwa anapovuta bangi au kunywa pombe, na huwa kubwa mwanzo wa maradhi, kabla hajapata dawa. Hata hivyo, walio wengi hawamdhuru mtu. Bali wao ndio hupigwa mawe na watoto, hufungwa kamba nyuma ya nyumba, na hudhulumiwa wasiwe na wa kuwatetea.

Wako wanaodhani kwamba kumpeleka mgonjwa hospitali ni upungufu wa imani. Hawakusoma tarikhi. Hospitali aliyoijenga Nur al-Din mjini Damascus mwaka 1154 iliwatibu wagonjwa wa akili pamoja na wengine. Na kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na ya nafsi. Kisomo na dawa havigombani. Tunaovigombanisha ni sisi.

Basi kalamu imeinuliwa kwa yule kijana, lakini haikuvunjika. Yamwandika mzazi anayemficha mwanawe kwa kuona aibu. Yamwandika anayemuuzia bangi naye amjua kuwa ni mgonjwa. Yamwandika jirani anayecheka watoto wakirusha mawe. Na yamwandika mwalimu aliyeulizwa asilolijua akajibu, nami sijitoi.

Ndugu Msomaji, ukimwona kijana wako halali, anasikia sauti wasizozisikia wenziwe, anawaogopa wanaompenda, usingoje. Sisi wa huku, hospitali ya mkoa ya Mount Meru haiko mbali. Mpeleke, kisha umsomee, na dawa asiikose. Na aliyerudi kutoka Isanga amepona, mfungulie mlango, mpe kazi, mpe nafasi katika safu ya sala. Alilolitenda akiwa hana akili, Mola wake hamhesabii. Wewe mwenye akili zako, ukimfukuza, utajibu nini?

Wabillahi tawfiq.