Mara Ngapi Ndipo Tuseme "Huwa"?

Kiswahili kina kiambishi kidogo, hu-, kisichojua saa wala tarehe. Jua huchomoza. Mvua hunyesha masika. Bibi huamka kabla ya jogoo. Ukikitumia husemi jambo lilitokea lini; unasema ndivyo lilivyo, na msikilizaji haulizi zaidi. Nimekuwa nikijiuliza jambo lifanyike mara ngapi ndipo mtu apate haki ya kulitia hu-. Mara tatu? Mara kumi? Au hesabu haihusiki hata kidogo?

Swali lilianzia dukani. Mwanangu alikuwa anaolewa. Nasema mwanangu, ingawa aliyemzaa ni dada yangu. Mimi ananiita mama mdogo, na jina hilo lina kazi zake, mojawapo ni kwenda Kariakoo siku ya jua kali kutafuta gauni la harusi. Ndoa ilipangwa Novemba, kabla Majilio hayajaingia, kwa sababu parokia yao haipendi kufungisha ndoa katika majuma ya kuingojea Noeli. Tulikwenda wanawake wanne: yeye, mama yake, shangazi yake, na mimi. Kioo kilikuwa kimoja.

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na gauni la mkia mrefu. Akarudi, akatoka na la mabega wazi. Shangazi akakohoa, gauni likarudi lilikotoka. La tatu lilimbana. La nne ndilo. Lakini kilichonikaa moyoni si magauni. Ni kwamba kila alipotoka hakukitazama kioo kwanza. Alitutazama sisi. Alizisoma nyuso zetu moja baada ya nyingine, halafu ndipo akakigeukia kioo, kana kwamba anataka kujua kama nacho kinakubaliana nasi.

Nani alikuwa anachagua pale? Tukisema kuchagua ni kuchukua kimoja huku ukijua kwamba vingine navyo ungeweza kuvichukua, basi alichagua kweli: mikono mirefu badala ya mifupi, lesi badala ya shanga. Lakini yale makubwa hayakuwa mezani. Muuzaji hakuuliza rangi. Aliuliza saizi, na kama tunanunua au tunakodi. (Tulikodi. Kulinunua kungeila bajeti ya kamati hadi mpiga picha akose nauli. Shela tu ndiyo tuliinunua, maana duka lile halikodishi shela. Wanasema hurudi zimechanika.) Kwamba gauni liwe jeupe, liguse chini, lifuatane na shela: hayo yalikwisha kuamuliwa kabla hatujapanda daladala.

Yaliamuliwa na nani? Ajabu ni kwamba katika jambo hili tunaweza kumnyooshea mtu kidole, au karibu hivyo. Tarehe 10 Februari 1840, Victoria, malkia wa Uingereza, binti wa miaka 20, aliolewa na binamu yake Albert akiwa amevaa satini nyeupe na lesi iliyofumwa kwa mikono na wanawake wa Devon. Kabla yake bibi harusi wengi wa Ulaya walivaa gauni lao zuri kuliko yote, liwe la buluu, la kahawia au jekundu, kisha wakaendelea kulivaa miaka mingi. Weupe haukuwa haramu, ila haukuwa sheria. Mary wa Uskoti alipovaa nyeupe Paris mwaka 1558, watu walishangaa, maana katika jumba la wafalme wa Ufaransa nyeupe ilikuwa rangi ya msiba. Nasi tuliolelewa pwani hatuna haja ya kwenda mbali hivyo ili kujua nyeupe inaweza kumaanisha nini. Sanda ni nyeupe.

Basi huenda desturi ndiyo hiyo: jambo lililochaguliwa zamani na mtu mwingine, nasi tukasahau kwamba kulikuwa na uchaguzi. Nikiishia hapo nitaonekana nimesema kitu cha busara. Nimewasikia wasomi wakikisema, mara nyingi harusini kwenyewe, sahani ya pilau mkononi: kwamba mabinti zetu wanavaa matakwa ya malkia wa kigeni aliyekwisha kufa, kwamba vya asili yetu tumevitupa. Mimi siridhiki nacho. Chukua kisutu, kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi zetu wa pwani huihesabu kuwa nguo ya harusi hasa. Kanga zenyewe zilianza karne ya 19, na kwa miaka mingi zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Hakuna anayeiona kisutu kuwa ngeni. Imebeba watoto mgongoni, imetandikwa kwenye vitanda vya uzazi, imefunika wagonjwa. Asili ya kitu, naona, haiko kule kilikotoka peke yake. Iko pia katika kile ambacho watu wamekifanyia tangu kifike.

Hapo ndipo gauni la kukodi linaponitatiza. Halitabeba mtoto. Lilivaliwa Jumamosi, Jumatatu asubuhi nikalirudisha mimi, likiwa na doa la soda ambalo tulililipia. Kitu kinachokaa nasi siku moja tu tunakifanyia nini?

Tunasema kumpamba bibi harusi. Neno hili ni la kulitazama polepole. Kupamba si kuficha, aliyefichwa hapambwi. Wala si kuongeza uzuri tu, maana anayesimama kando ya bibi harusi tunamwita mpambe, na hakuongeza kitu ila kuwapo kwake. (Siasa imeliharibu neno hilo, lakini ukumbini bado lina heshima.) Kuna kupamba kwingine, kule kwa wanaoandaa maiti kwa pamba kabla ya kuzika, nako hakuhusu urembo. Nadhani pambo, kwa undani wake, ni alama tunayoitia siku ili isipite kama zile nyingine. Tunaiambia: wewe simama kidogo. Kwa maana hiyo gauni halikuwa la mwili wa mwanangu. Lilikuwa la Jumamosi ile. Ndiyo maana lilihitaji macho mengi, kwa kuwa siku haisimamishwi na mtu mmoja. Na ndiyo maana alizisoma nyuso zetu kabla ya kioo. Kioo kingemwambia amependeza, lakini hakiwezi kuwa shahidi.

Mwezi ukapita. Desemba ikaingia na vyumba viwili vya kupanga Kimara, kochi moja la watu wawili, na swali ambalo hakuna kamati ya kulijadili.

Mkwe wangu ni Mlutheri wa Machame. Hajawahi kula Krismasi nje ya mlima. Ukifika mwisho wa mwaka Wachaga hupanda kwao, na Dar es Salaam nzima hutania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Mwaka ule harusi ilikuwa imekula nauli. Basi akataka angalau mti, uwekwe mapema, wenye taa, kama kwao. Mwanangu ni Mkatoliki wa Bagamoyo, mji ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868. Kwao hakuna pambo hata moja kabla ya mkesha. Jioni ya tarehe 24 baba yake hujenga pango la karatasi za mifuko ya saruji zilizopakwa masizi, analiezeka kwa makuti, na Mtoto halazwi mle mpaka usiku wa manane. Na mti? Mti wa Krismasi anaoujua yeye ni mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu barabarani kila Desemba. Hata jina la sikukuu hawakukubaliana. Mmoja alisema Krismasi, mwingine Noeli.

Nilikuwapo jioni moja wakibishana. Nikaona kwamba kila sentensi ilianza na neno lilelile. Kwetu huwa tunaweka taa. Kwetu huwa hatuweki kitu mpaka mkesha. Kwetu, huwa; kwetu, huwa. Walikuwa wamekaa kwenye kochi lao, chini ya paa wanalolilipia kodi, na neno "kwetu" halikuwa na maana ya pale walipokaa hata mara moja.

Ungewaamulia vipi? Ungeweza kutafuta nani ana desturi kongwe. Pango litashinda: Fransisko wa Asizi alilitengeneza kule Greccio mwaka 1223. Mti wa mkwe nao una ukoo wake. Wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka Ujerumani, nchi ambayo mti ndani ya nyumba ulikuwa mambo ya kawaida. Na Albert, yule bwana harusi wa 1840, alikuwa Mjerumani vilevile. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya familia yake na Victoria wamezunguka mti wenye mishumaa, na nyumba nyingi za Uingereza zikaiga. Nilipoliwaza hilo nilicheka peke yangu. Watu walewale wawili walikuwa wamefika Kariakoo kabla yetu, na sasa walikuwa wameketi Kimara. Na mkrismasi wa Bagamoyo? Asili yake Madagaska.

Lakini ukongwe hauamui chochote nyumbani kwa watu. Nadhani ugumu ulikuwa kwingine. Gauni lilichaguliwa mbele ya macho mengi na mambo makubwa yalikuwa yameshaamuliwa. Hapa hapakuwa na macho, na hakuna lililoamuliwa. Nyumba ya maharusi haina "huwa" hata moja. Watu huhesabu vitu ambavyo wawili hawa hawana bado, jokofu, kabati la vyombo, na huchangiwa kwa sababu hiyo. Upungufu huu mwingine haumo kwenye orodha ya kichen pati. Hakuna anayeweza kukuletea mazoea yako yamefungwa kwa karatasi ya zawadi.

Walichofanya hakikuwa na falsafa. Mkwe alipata tawi la mvinje, lile ambalo watu wengi wa Dar wamelifanya mti wa Krismasi kwa kukosa misonobari, akalisimika kwenye ndoo ya mchanga. Mwanangu akaanza kubandika pamba iwe theluji. Mkwe akamzuia: theluji anaijua, ameiona juu ya Kibo tangu utotoni, haikai vile. Pamba ikaondolewa. Pango likajengwa chini ya tawi, dogo, bila Mtoto mpaka mkesha. Ikabaki ndoo. Ilikuwa ndoo ya rangi, imeandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na lilikuwa linatazamana na mlango. Mwanangu akaingia chumbani, akatoka na shela. Akaizungusha kwenye ndoo, mabaki yakapanda kwenye tawi, akayabana kwa pini. Ilikuwa kuficha tangazo, basi. Hakuna aliyesema neno la maana.

Mimi nilimkumbuka Victoria. Lesi ya harusi yake hakuiacha sandukuni. Aliivaa tena na tena katika sherehe za familia. Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861, siku kumi na moja kabla ya Krismasi, na mjane yule akavaa nyeusi kwa miaka yote iliyobaki. Alipokufa Januari 1901 alizikwa na shela ile ya 1840, kwa maagizo yake mwenyewe. Kitu cha kuvaliwa mara moja. Sijui tunasema hivyo kwa nini. Labda tunachanganya mara na maana. Tunadhani kilichotokea mara moja kimetokea kidogo.

Wageni wa mti ule walikuwa watatu. Mimi, jirani aliyekuja kuazima kiberiti, na mtoto wa jirani aliyemfuata mama yake, akasimama mlangoni, akauliza bibi harusi yuko wapi.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Desemba, simu ikaita.

"Shikamoo mama mdogo. Ile shela yangu si iko kwako?"

Ilikuwa kwangu kweli. Aliniachia niifue baada ya kumwazima binamu yake kwa sendofu.

"Marahaba. Shela ya nini tena?"

"Ya mti. Kwetu huwa tunaizungushia ndoo."

Nyuma yake nikamsikia mkwe akipinga kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: hapana, kwetu huwa tunaanzia juu, ndipo tunashuka kwenye ndoo. Wakaanza kubishana, wamenisahau kwenye simu. Nikahesabu. Mara moja. Kisha nikaenda kufungua kabati.