Boga Likivuka Mpaka, ni la Nani?



Kila majira ya mvua swali moja hurudi mbele ya wazee wa kanisa. Mtu amepanda maboga, na matawi yake yametambaa hadi kwa jirani. Yameparamia mahindi, yamefunika maharage, na boga kubwa limelala upande wa pili. Wa kwanza anasema, "Mbegu ni yangu." Wa pili anajibu, "Udongo ni wangu." Nani ana haki?

Tusicheke, tukasema ni neno dogo. Kule kwetu, Fizi, Masisi au Djugu, mashamba yalikuwa mapana, na boga liliweza kutambaa msimu mzima bila kumfikia jirani. Hapa Uganda wengi waliofika kuanzia mwaka 2016 walipimiwa mita 30 kwa 30, nyumba na choo vikiwa humo humo. Mistari miwili ya maharage ikifunikwa, ni chakula cha watoto kimepotea. Tena tunajua ugomvi wa ardhi unavyoweza kufika mbali. Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 vilikuwa na magomvi ya mashamba ndani yake. Sisi tuliokimbia moto, tusidharau cheche.

Neno la Mungu linaanza na mwenye mmea. Katika Kutoka 22:5, mtu ambaye mnyama wake amekula shamba la mwingine anatakiwa kulipa kwa mazao mema ya shamba lake mwenyewe. Boga si mbuzi, lakini kanuni ni ile ile: kitu chako kikitembea, wewe ndiwe wa kukifuata. Usingoje jirani alalamike. Pengine ni mama mjane ambaye anaogopa kusema, kwa sababu ninyi ni wengi na yeye yuko peke yake. Kunyamaza kwake si ruhusa. Mara nyingi tunawahubiria wavumilivu wazidi kuvumilia, na wale wanaowaumiza hatuwaambii neno. Hiyo si amani.

Na yule aliyevamiwa, je, achukue panga? Kukata kilicho upande wake kunaweza kuwa haki yake, lakini haki hiyo isiwe mlango wa kwanza. Mathayo 18:15 inatufundisha kumwendea ndugu, sisi na yeye peke yetu. Anayekata usiku, asubuhi akajifanya hajui, hakukata tawi tu. Amekata neno kati ya nyumba mbili, na watoto wake wamejifunza. Hapa ugenini, mtoto akishikwa na homa usiku, anayekuja mbio kutusaidia ni jirani huyo huyo.

Dawa mara nyingi ni rahisi. Tawi la boga hutoa mizizi kwenye vifundo linapogusa udongo, kwa hiyo ligeuzwe mapema, kabla halijashika. Matawi ya viazi vitamu nayo ni hivyo hivyo. Ncha changa za maboga zikichumwa, ni mboga nzuri ya jioni. Basi zichumeni pamoja, kila nyumba ipate sufuria yake. Boga lililokwisha kukua upande wa pili msilikate shina lake, maana litakoma kukua na wote wawili mtakosa. Liacheni likomae, kisha mligawane.

Lakini mkaratusi unaonyima mahindi ya jirani jua hauwezi kugeuzwa. Hapo mwenye mti apunguze matawi, au akubali kuukata. Akikataa, waitwe mashahidi wawili, kisha mwenyekiti wa kijiji. Kama itabidi kukata, ikatwe mchana, mwenyewe akijua.

Sasa turudi kwa swali letu. Kumbukumbu la Torati 23:24-25 inamruhusu mtu kula zabibu katika shamba la mwenzake hadi ashibe, lakini asitie chomboni. Na asipeleke mundu katika nafaka ya mwenzake. Mungu alijua kwamba kati ya "changu" na "chako" panahitajika nafasi ya kupumua. Tena katika Walawi 25:23 aliwaambia Israeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni kwake. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Udongo huu tumepewa tuutumie, hatuwezi kuuuza. Mbegu nazo wengi wetu tuliomba kwa mtu. Mvua hatukuileta, wala nyuki waliobeba chavua kutoka ua hadi ua hawakuuliza mpaka uko wapi.

Basi yule wa mbegu na yule wa udongo wote wana sehemu, na hakuna aliye na boga zima. Wiki hii, kila mmoja wetu atembee kwenye mpaka wake, lakini atazame kwanza kile chake kilichovuka kwenda kwa mwenzake.

Bwana abariki mashamba yenu na majirani zenu. Amina.