Ondoa Mkono Kwenye Selfu

Wanangu mafundi wa Majengo, na ninyi madereva mnaosimama nyuma yao mkihimiza, nisikilizeni. Haya nimeshayasema kwa upole, nikayasema kwa ukali, na siku hizi sauti yangu haivuki tena kelele za greinda. Nayarudia kwa sababu mambo ni yaleyale. Gari limeingia gereji likitembea lenyewe, limebadilishwa mkanda wa taiming, haliwaki, na kijana amekaa kwenye usukani anapiga selfu mpaka betri inakata roho.

Mwanangu, ondoa mkono kwenye selfu.

Gari lililokuja kwa miguu yake jana halikuharibika koili usiku huo huo mliofungua mkanda. Pampu ya mafuta haikufa kwa kuona mkanda mpya. Inaweza kutokea, ndiyo, lakini ni nadra mno, na fundi hafanyi kazi kwa kutegemea nadra. Kasoro ipo pale mkono wako ulipopita. Ukilikubali hilo mapema, nusu ya kazi umeimaliza. Ukilikataa, utazunguka duka hadi duka ukinunua spea kwa pesa ya mtu.

Kabla ya kushika spana, elewa kilichomo humo ndani. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, ndiyo maana gia ya krenki ina nusu ya meno ya puli ya kamshafti. Mkanda unawafanya wawili hao watwange kinu kimoja kwa zamu: mchi wa huyu ukishuka, wa yule umepanda. Zamu ikipotea, michi inagongana. Chukua gia ya krenki yenye meno 24: jino moja ni nyuzi 15 za mzunguko wa krenki. Ukikosea jino moja, injini nyingi za petroli zitawaka kwa kusuasua, zitatetemeka, na mlima wa Kibosho zitaupanda zikilia. Ukikosea mawili au matatu, usitegemee kuwaka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapowatia wenzao hasara. Injini si zote zinasamehe. Toyota 3S-FE, ile ya Noah za zamani na RAV4 za mwanzo, na 5A-FE ya Corolla za miaka ya 1990, zimeundwa kiasi kwamba hata mkanda ukikatika njiani pistoni haizifikii valvu. Unavuta gari, unafunga mkanda mwingine, unaondoka. Dizeli ni habari nyingine kabisa. Dizeli za zamani kama 2L na 3L za Hilux na Hiace, na 1HZ ya Land Cruiser zinazopeleka wageni kwenye mageti ya mlima, zinaibana hewa zaidi ya mara 20, wakati petroli ya aina niliyotaja inaibana mara 9 au 10. Ili kubana kiasi hicho, nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni nyembamba mno. Mkanda ukikosewa, kila mzunguko wa selfu ni nyundo juu ya valvu. Ulianza na kosa la kurekebisha kwa mkono na soketi, utamaliza umefungua silinda hedi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu bei yake mnaijua.

Na mji wetu huu umekaa kwenye mteremko. Hilo nalo ni jaribu. Gari likigoma, nasikia mmoja anasema, “Tulisukume, likishuka litawaka.” Gari lililotoka kubadilishwa mkanda halisukumwi kuwashwa. Matairi yakizungusha krenki kupitia gia, yana nguvu kuliko selfu, na valvu iliyokuwa imeguswa tu inapinda moja kwa moja. Tena kuna kosa la kimyakimya zaidi. Mkanda umeshatolewa, gari limeachwa kwenye gia, mtu anataka kupitisha pikipiki, anamwita mwenzake walisogeze kidogo. Krenki imezunguka, kamshafti imebaki ilipo, na hakuna aliyeona. Mkanda ukiwa nje, gari liwe kwenye nyutro, handibreki juu, jiwe nyuma ya tairi, na mtu asiliguse.

Haya, gari haliwaki. Ufanye nini?

Kwanza tumia sikio. Mwambie mwenzako apige selfu mara moja tu, kwa muda mfupi, nawe usimame mbele ya boneti. Injini iliyo nzima inazunguka kwa mapigo, kama inavuta pumzi na kuibana. Ikizunguka laini, haraka, bila pigo lolote, mgandamizo haupo: mkanda umekosewa vibaya au valvu zimepinda. Acha hapo hapo, usipige tena. Ikitoa mlio wa tak-tak na haizunguki, angalia betri na waya wa ardhi, ule uliofungua ili upate nafasi ya kuingiza mkono ukausahau umening'inia. Ikizunguka kwa mapigo ya kawaida, nenda hatua ya pili.

Hatua ya pili ni kupita njia uliyopita mwenyewe, kuanzia boliti ya mwisho uliyofunga mpaka ya kwanza uliyofungua. Soketi ya sensa ya krenki imerudishwa? Waya wake haujabanwa na kava? Waya za plagi zimekaa kwa mpangilio wa 1-3-4-2, au umeziunganisha kwa kufuata urefu wake? Kama ulitoa distribyuta, rota inatazama waya wa silinda namba 1 wakati pistoni hiyo ipo juu kwenye mgandamizo? Maana pistoni hufika juu mara mbili, mara moja ikibana na mara moja ikitoa moshi, na alama ya krenki peke yake haikuambii ni safari ipi. Fyuzi? Mpira wa hewa? Yote haya ni kazi ya macho, haihitaji hata senti.

Hatua ya tatu, moto na mafuta. Chomoa plagi moja, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, uone kama inatoa cheche. Iangalie na uinuse: kavu maana yake mafuta hayafiki, imelowa maana yake mafuta yanafika lakini hayawaki, na wingi wa selfu zako umeshaizamisha. Kwa dizeli tazama bomba la moshi. Ukipiga selfu na moshi hautoki kabisa, mafuta hayafiki: kuna hewa kwenye mpira, au waya mdogo wa kukata mafuta pale juu ya pampu ya nozeli haujarudishwa. Ukitoka moshi mweupe mwingi na injini haishiki, mafuta yanafika ila si kwa wakati wake. Kwenye 2L na 3L alama ni tatu, krenki, kamshafti na pampu, na vijana wengi huridhika na mbili.

Hatua ya nne ndiyo mnayoikimbia, kwa sababu inamaanisha kufungua tena mlichofunga. Toa plagi zote ili injini iwe nyepesi, weka soketi kwenye boliti ya krenki, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili kufuata upande injini inakozunguka. Ukigusa kitu kigumu katikati, simama, usilazimishe. Mizunguko miwili ikiisha, alama zote zinatakiwa zirudi mahali pake. Zisiporudi, jibu umelipata.

Nitawapa mfano mmoja niliouona kwa macho, katika gereji ambayo siitaji. Ilikuwa Noah ya abiria wa Marangu, injini ya 3S. Kijana aliyefunga mkanda ni hodari wa mikono, ila ana pupa. Kwenye kava la chini la injini hiyo kuna mstari wa namba, na kwenye puli ya krenki kuna mkato mdogo. Namba 10 ipo pale kwa ajili ya kupima moto wa plagi kwa taa. Alama ya kuwekea mkanda ni 0. Yeye aliulinganisha mkato na 10, akapaka rangi yake nyeupe kwenye gia na kwenye mkanda wa zamani, kisha akahamishia rangi ile kwenye mkanda mpya kwa kukisia, bila kuhesabu meno. Hakutafuta alama ya kiwandani kwenye gia ya krenki inayotazamana na ile ya mwili wa pampu ya oili. Akafunga, akaacha mkanda umelegea upande usio na tenshena. Tenshena ilipokaza, ulegevu ule ukaongeza jino juu ya kosa la kwanza.

Gari halikuwaka. Ikanunuliwa koili. Zikanunuliwa plagi. Mtu akamwaga petroli kidogo kwenye njia ya hewa, injini ikakohoa moto kurudi juu, nusura nyusi za mtu ziungue. Moto kurudi kwenye njia ya hewa ni injini inakuambia kwa lugha yake kwamba valvu imefunguka wakati wa kufungwa. Jioni plagi zikatolewa, krenki ikazungushwa kwa mkono, na tundu dogo la puli ya kamshafti likaonekana limepita alama ya kifuniko cha beringi. Mkanda ukafungwa upya kwa alama za kiwandani, ukazungushwa mara mbili, gari likawaka kwa selfu ya kwanza. Koili ya zamani ilikuwa nzima. Abiria wa siku nzima walikuwa wameshapanda magari mengine.

Sisemi haya kumcheka kijana. Nasema kwa sababu Desemba ikifika, watu wa mlimani wanarudi nyumbani, magari yamepanda kutoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita 500, na kila mwenye gari anataka liwe tayari leo aende Rombo, Machame au Mwika. Hapo ndipo fundi anapoacha kuzungusha krenki kwa mkono, akisema selfu itamwonyesha. Nanyi madereva mna sehemu yenu ya lawama. Mnasimama juu ya kichwa cha mtu mkiangalia saa, mnakataa kununua tenshena na beringi zake mkitaka mkanda peke yake, kisha mkanda mpya ukaliwa na beringi kuukuu mnamwita fundi mwizi. Kwenye 3S hata wota pampu inazungushwa na mkanda huohuo. Ikivuja baada ya mwezi, kazi yote inaanza upya.

Fundi, gari la mtu ni amana. Likigoma, mwambie mwenye mali ukweli: “Nimefunga, halijawaka, nafungua nikague kazi yangu.” Neno hilo halimshushi mtu. Kinachomshusha ni kumuuzia mwenzake koili asiyoihitaji ili kosa lisionekane. Na ukishindwa, uliza. Hapa mjini kuna chuo cha VETA, kuna wazee wa gereji, kuna wenzako waliofunga injini hiyohiyo. Kuuliza si ujinga.

Jambo la mwisho, andika. Wajapani huacha kibandiko ndani ya boneti kinachosema mkanda ulibadilishwa kilomita ngapi na mwaka gani. Ukikuta mwaka umeandikwa 15, ni hesabu ya enzi yao ya Heisei iliyoanza 1989: ongeza 1988 upate 2003. Sisi tunafunga mkanda na kuondoka kimya, anayekuja baadaye anabahatisha. Dizeli nyingi za Toyota zinazotumia mkanda zina taa yake kwenye dashibodi, inayowaka mara nyingi kila kilomita 100,000, lakini wangapi wanaizima bila kugusa mkanda wenyewe? Chukua kalamu ya wino mzito, andika kilomita na tarehe kwenye kava.

Basi, leo ukifungua mkanda wa mtu, tafuta alama za kiwandani, funga, zungusha krenki kwa mkono mara mbili kabla hujagusa ufunguo. Ukikuta alama zimeachana, fungua upya, hata kama mwenye gari amekunja uso na jua linazama. Saa moja ya kurudia kazi hulipwa na fundi. Valvu zilizopinda, mara nyingi, hulipwa na mtu asiye na kosa.