Nani Analipia Mapumziko?

Mti wa chai hauchunwi kila siku. Ukishatoa majani mawili na kichipukizi, unauacha kati ya siku saba na kumi na nne hivi ndipo urudi. Kila baada ya miaka mitatu au minne unapogolewa, na kwa muda haukupi kitu. Huku kwetu hakuna anayeuliza kama mti unastahili kupumzika. Ukiuchuna ovyo, hasara ni ya mwenye shamba.

Mchezaji wa mpira ndiye huulizwa. Septemba 2024 Rodri wa Manchester City alisema wachezaji wako karibu kugoma kwa sababu mechi zimezidi. Siku chache baadaye akaumia goti wakicheza na Arsenal. Pale tunapotazamia mechi hapa Fort Ternan, jibu lilikuwa moja: si analipwa? Acheze.

Lakini ushahidi uko upande wake. Utafiti mmoja wa 2010 ulifuatilia klabu iliyokuwa ikicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Wachezaji walipocheza mechi mbili kwa wiki, mbio zao hazikupungua, ila majeraha yaliongezeka karibu mara sita. Kumbe mtu anaweza kukimbia vizuri kabisa huku mwili unakaribia kuvunjika. Utafiti mwingine, wa 2019, ulionyesha kwamba timu za Ulaya zisizo na mapumziko ya majira ya baridi zilipoteza siku kama 300 zaidi kwa msimu kwa sababu ya majeraha. Na Julai 2025 FIFA ilitangaza kwamba angalau saa 72 zipite kati ya mechi na mechi, na likizo ya siku 21 mwisho wa msimu.

Basi mapumziko yanasaidia timu. Hilo sibishi. Ninachouliza ni kwa nini timu nyingine zinayataka na nyingine hata haziyafikirii.

Klabu kubwa ya Ulaya humlipa mchezaji hata akiwa na magongo. Goti lake likivunjika, klabu inaumia mfukoni, sawa na mwenye shamba la chai. Sasa teremka kutoka hapa Fort Ternan, mahali chai inapoachia miwa nafasi, ufike Muhoroni na Chemelil. Zote mbili zilikuwa na timu ligi kuu. Muhoroni Youth ilishuka 2017. Sony Sugar ya Awendo, mabingwa wa 2006, ilifukuzwa ligini 2019 baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu, na Chemelil Sugar ikashuka msimu huohuo. Viwanda vya sukari vilikuwa hoi, na timu zao zikawa hoi navyo.

Mchezaji wa timu kama hiyo mwambie ligi imesimama wiki mbili apumzike. Atapumzikia wapi? Ataendesha boda, atabeba magunia, ataenda kuchuna majani ya watu. Mwaka 2018 msimu wa Kenya uliisha Oktoba na mwingine ukaanza Desemba, kwa vile kalenda ilikuwa inabadilishwa. Kwa anayelipwa, huo ni muda mfupi sana. Kwa asiyelipwa, miezi miwili ni mirefu, na anarudi mazoezini amechoka kuliko alivyoondoka. Mimi niliacha chuo na ninaishi kwa makala; wiki isiyo na kazi naijua, na sijawahi kuiita likizo.

Kuna mama atakayeniambia: mwanangu, mimi nachuna chai tangu alfajiri, nani amenipangia wiki ya kupumzika? Ana haki. Lakini hoja yake haimnyimi mchezaji kitu; inamwongeza yeye kwenye foleni ileile. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, tena kwa malipo kamili. FIFA nayo imefika kwenye 21 hiyohiyo.

Kwa hiyo ratiba ikitangazwa, na wiki za mapumziko zikiwa zimewekewa alama, mimi nitatafuta kwanza yale maneno mawili ya sheria: malipo kamili. Yasipokuwepo, hiyo ni ligi imefungwa tu, na watu wametumwa nyumbani bila kitu.