Dhima ya Kamba Chakavu

Swali la lini wajibu wa mwanadamu juu ya kitu alichokitumia hukoma ni la kale katika falsafa ya maadili, na kamba za chombo cha baharini, kama vile henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, na amari, yaani kamba ya nanga, hulidhihirisha waziwazi. Kwa karne nyingi mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walitumia kamba za makumbi ya nazi, ambazo zikitupwa huoza, hivyo aliyezitupa hakuacha deni la muda mrefu. Kamba za nailoni na polipropilini, zilizoenea katika karne ya 20, huchakaa zisiweze kuhimili mzigo, lakini hubaki na nguvu ya kumnasa kasa au kujisokota kwenye rafadha ya mashua.

Fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, humtofautisha anayeharibu kwa mkono wake na anayeharibu kwa kusababisha. Wanazuoni hutoa mfano wa mtu anayechimba kisima katika njia ya umma bila ya haki, ambaye hubeba dhima, yaani wajibu wa kufidia, iwapo mpita njia atatumbukia, hata kama mchimbaji hakuwapo wala hakukusudia. Bahari nayo ni njia ya umma, na kamba iliyotupwa humo ni mtego usio na mlinzi. Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, kilichoanza kutumika mwaka 1988, hukataza meli kutupa baharini plastiki yoyote, zikiwamo kamba za sintetiki. Lakini sheria huhitaji shahidi, ilhali imani, ambayo kwa mujibu wa hadithi ya Mtume mojawapo ya matawi yake ni kuondoa udhia njiani, humdai mtu hata asipoonwa na yeyote.

Njia moja ya kuiondolea kamba chakavu hatari hiyo ni kuikatakata, lakini huenda ikapingwa kwamba kufanya hivyo ni israfu, yaani matumizi mabaya ya neema. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana kamba isiyofaa tena kwa nanga yapasa kwanza kupewa kazi nyepesi, kama kufungia ua, ambako kukatika kwake hakuhatarishi uhai. Ikishindwa hata hiyo, hulegezwa isibaki na mvuto, hufungwa utepe mahali pa kukatia ili nyuzi zisitawanyike, hukatwa vipande vifupi visivyoweza kufanya kitanzi, kisha vipande na nyuzi zote hukusanywa na kupelekwa panapopokelewa taka. Kuichoma hakufai, kwa kuwa nailoni ikiungua hutoa gesi zenye sumu, ikiwamo sianidi ya hidrojeni, na fikihi hairuhusu madhara yaondolewe kwa kuleta madhara mengine mfano wake.

Kwa hiyo mwenye kamba hatoki katika dhima kwa kuiachia tu itoke mkononi mwake. Hutoka pale anapoiondolea uwezo wa kudhuru, na kazi hiyo ni yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine, kwa sababu ndiye aliyeneemeka kwa nguvu ya kamba hiyo ilipokuwa mpya.