Kujisifu kwa Baghdad hakutuondolei fardhi

Waislamu wengi tunapozungumzia historia ya ustaarabu wetu, hatukawii kuitaja Baghdad na Cordoba. Tunasema sisi ndio tulioifundisha Ulaya hesabu na tiba. Maneno hayo yana ukweli wake. Lakini papo hapo tunawaambia watoto wetu kuwa ya madrasa ni elimu ya dini, na ya shule ni elimu ya dunia tu. Je, wazee wale tunaojisifia waliigawa elimu namna hii?

Tumtazame Al-Khwarizmi. Aliandika kitabu chake cha aljebra katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Mwenyewe alieleza kuwa watu wanaihitaji hesabu hiyo katika mirathi, wasia, biashara na upimaji wa ardhi. Na sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. Hesabu ile, basi, ilikuwa ikizitumikia aya za Suratun Nisaa. Hapo dunia iko wapi na dini iko wapi?

Wapo watakaosema kuwa maarifa yale yalitoka kwa wasio Waislamu. Ni kweli. Tarakimu zilitoka India, na mfasiri mkubwa wa vitabu vya tiba vya Kigiriki, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alikuwa Mkristo. Wazee wetu hawakuona aibu kujifunza. Waliyapokea maarifa, wakayapima, wakayasahihisha na kuyaendeleza.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulumid Din aliihesabu tiba na hesabu kuwa ni fardhi kifaya. Akalalamika kuwa iko miji isiyo na tabibu ila asiye Muislamu, na huku watu wanasongamana kwenye fiqhi, hasa masuala ya ikhtilafu na mabishano, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vyeo.

Ndugu Waislamu, fardhi kifaya wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika. Isipotekelezwa, dhambi ni ya wote. Tabibu wa Baghdad wa miaka elfu iliyopita alitekeleza ya mji wake. Ya mji wetu inatungoja sisi. Basi msikiti unaochangisha fedha za zulia jipya na uchangishe pia ada ya binti anayesomea uuguzi. Hilo nalo ni katika dini.

Wallahu a'lam.