Mara Saba Yordani

Fungu: 2 Wafalme 5:1-14



Habari ya Naamani Mshami tumefundishwa tangu shule ya Jumapili, nasi twaikumbuka zaidi kwa ajili ya yule kijakazi mdogo na kwa ajili ya hasira ya jemadari. Leo napenda tuitazame hesabu yake, maana mwalimu hata akistaafu hesabu haimwachi. Nabii Elisha hakumwambia Naamani ajichovye mara moja. Alimwambia mara saba. Fungu letu halisemi kwamba ukoma ulipungua mara ya pili, wala kwamba ngozi ilianza kutakata mara ya nne. Kwa kadiri tusomavyo, alipotoka majini mara ya sita alikuwa bado mkoma, amelowa, na watumishi wake wanamtazama.

Nimelichagua fungu hili kwa sababu ya ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu huuita kansa, na kwa sababu ya zile dawa kali zitolewazo kwa dripu, kwa sindano au kwa vidonge. Wapo wagonjwa waliotoka hapa Maisaka kwenda Moshi au Dar es Salaam, wakapata dozi ya kwanza na ya pili, kisha wakakataa kurudi. Wengine walisema dawa ndiyo inayowaua. Wengine walisema wamekwisha kupona, kwa kuwa uvimbe hauonekani tena. Hawa wa pili ndio wanaonisikitisha zaidi.

Kwanza tuelewane juu ya dawa yenyewe, maana watu huichanganya na mionzi. Mionzi huelekezwa mahali pamoja kwa mashine. Dawa hizi huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima, na kwa hiyo huufikia ugonjwa hata mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, nazo hujigawa na kuongezeka kwa utaratibu aliouweka Muumba. Chembe za saratani zimeuacha utaratibu huo. Hujigawa ovyo bila kukoma. Dawa huzipiga hasa chembe zilizo katika kujigawa. Lakini mizizi ya nywele nayo hujigawa upesi, na ngozi laini ya kinywa na tumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika, hupata vidonda kinywani na kuishiwa nguvu. Nywele kuanguka si dalili ya kufa, na kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Iko hata dawa moja nyekundu ambayo huufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Watu wamekimbia wakidhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa tu.

Mbona basi dozi ni nyingi? Kila dozi huua sehemu ya chembe mbaya, wala haiui zote. Zilizokuwa zimetulia wakati ule husalimika. Kisha mgonjwa hupewa siku za kupumzika, mara nyingi wiki tatu, ili chembe njema zijijenge tena, ndipo dozi nyingine ifuate. Sisi tulimao mahindi na mbaazi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Baada ya palizi ya kwanza shamba hupendeza macho, mvua ikinyesha wiki mbili magugu yako pale pale. (Nazungumzia magugu ya shambani, si ndugu zetu wa Magugu walimao mpunga.)

Jambo hili lilijifunzwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ayalandi, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Burkitt alikuwa mtu wa sala na wa kuisoma Biblia, tena alikuwa na jicho moja, maana la pili lilipotea utotoni; lakini lile moja liliona lililowapita wengi. Alitambua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo kwa watoto wale ulikuwa ugonjwa mmoja, akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda, wakapita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huu uko wapi na wapi haupo. Leo duniani kote unaitwa kwa jina lake.

Kisu chake hakikuwasaidia watoto wale, na mashine ya mionzi Uganda haikuwapo. Ikabaki dawa. Kwa dawa, uvimbe uliokuwa umeharibu sura ya mtoto uliweza kuyeyuka katika siku chache, na wako walioishi wakawa watu wazima. Saratani hii ni miongoni mwa za kwanza duniani zilizoonekana kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 ilifunguliwa Mulago wodi maalumu kwa ajili yake, nayo ndiyo iliyokua ikawa taasisi ya saratani ya Uganda. Lakini madaktari walijifunza pia kwa uchungu kwamba taya kurudi kuwa zuri si mwisho wa habari. Kwa watoto wengine ugonjwa ulirudi, pengine katika ubongo. Mzazi aliyemwona mwanawe anacheka na kula ugali alikuwa na haki ya kufurahi. Hakuwa na haki ya kuhesabu tatu kuwa saba.

Ndugu mmoja aliniuliza kama ni halali Mkristo kutiwa sumu mwilini. Ni kweli, baadhi ya dawa hizi zina asili ya kutisha. Katika vita ya kwanza ya dunia askari walipigwa kwa gesi ya haradali, na ikaonekana kwamba inaangamiza chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942, katika chuo cha Yale huko Marekani, madaktari walichukua ndugu wa sumu ile wakampa mgonjwa wa saratani kwa kipimo, na uvimbe wake ukapungua kwa muda. Nabii Isaya alitabiri silaha kufuliwa kuwa vyombo vya kulimia. Mimi naona hapa jambo la jamaa hiyo. Na dawa nyingine, vinkristini, hutoka katika lile ua dogo la waridi au jeupe la petali tano, asili yake Madagaska, tunalolipanda mbele ya nyumba bila kulijali.

Na wako wasemao kwamba kurudi hospitali ni kukosa imani. Someni 2 Wafalme 20. Hezekia alilia, Mungu akamsikia, ahadi ya kupona ikatolewa, na baada ya hayo yote Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Mtu awaye yote, hata akiwa na suti na kipaza sauti, amwambiaye mgonjwa aache dozi yake ili aonyeshe imani, anajitwalia mamlaka ambayo Isaya hakuyatumia. Tuwapake mafuta wagonjwa wetu kama Yakobo alivyoagiza, kisha tuwapeleke stendi.

Sisemi kwamba kila amalizaye dozi atapona. Dawa hutolewa mara nyingine ili kuponya, mara nyingine kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji au kufagia masalio baada yake, na mara nyingine kupunguza maumivu tu. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari wake ni ipi kati ya hizo, na daktari akisema sasa tuache, kuacha si dhambi. Kuacha kwa kujiamulia nyumbani ni jambo jingine.

Tena angalieni, Naamani hakushuka Yordani kwa nguvu zake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kugeuza safari kwa hasira. Watumishi wake ndio waliomsogelea, wakamwita baba, wakamsihi. Kazi hiyo ni yetu. Kutoka Babati kupita Arusha hadi KCMC, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2016, ni safari ya mchana mzima kwa mtu anayetapika, na kwenda Ocean Road ni mbali zaidi. Nauli na mtu wa kumsindikiza humshinda mgonjwa kuliko sindano. Mwenye kuuguza na amwambie mzee wa kanisa wa mtaa wake mapema, si jioni ya kuamkia safari.

Na neno moja kwa wauguzaji. Katika siku za baada ya dozi kinga ya mwili hushuka. Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, msingoje asubuhi wala ibada ya Jumapili, wala msimpe panado na kumfunika blanketi. Mpelekeni hospitali usiku ule ule, na karatasi zake za matibabu mkononi.